Kofia ya kumuogopa trafiki

Nimerudi chuo jana kutoka likizo Kibakwe. Bodaboda mpaka Mpwapwa mjini, dereva kofia ngumu kaivaa kwenye kiwiko. Kaka, mbona huvai? "Dada, huku hakuna trafiki." Ya abiria ndo haipo kabisa. Nikapanda hivyo hivyo, mjinga na mimi.

Maana mwaka jana binamu yangu alianguka njia hiyo hiyo, kwenye kokoto. Mguu umepona. Kichwa bado. Alikuwa anafundisha hesabu, leo anasahau jina la mwanae.

Kanuni za bodaboda zinataka dereva NA abiria wavae. Uchambuzi wa Cochrane wa 2008 ulikuta kofia inapunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa asilimia 69. Halafu nyie wa hosteli mnaniambia inaharibu nywele, ina jasho la watu. Jamani, si mnavaa mitumba? Funga kitambaa ndani, vaa.

Na wale wa "siku ikifika imefika", mbona mkivuka barabara mnaangalia kulia na kushoto?

Bumu likitoka nanunua ya kwangu, naingia nayo mpaka lekcha. Mtanicheka, najua.