Mali Isiyoagizwa Haikuuzwa

Ijumaa iliyopita khatibu mmoja, ambaye elimu yake naiheshimu, alitumia sehemu kubwa ya khutba yake kuwakemea watu wanaonunua vitu kwa njia ya simu na intaneti, kisha wakaletewa visivyokuwa vile walivyoagiza, wakaja kulalama mbele za watu. Akasema kwamba mtu wa namna hiyo amejitakia mwenyewe, kwa kuwa amenunua mbuzi kwenye gunia. Kwamba limfaalo ni kusubiri na kuihesabu hasara yake kuwa ni kadari. Na kwamba, kama tujuavyo sote, mali ikishauzwa hairudishwi. Waumini wakatikisa vichwa kwa kukubali, nami nikatoka msikitini moyo wangu umechafuka, kwani maneno hayo matatu, ambayo kila mtu huyasema na hakuna ayapimaye, yamewapa walaghai ngao ambayo wao wenyewe wasingeweza kuibuni.

Nianze na hilo la mwisho, ambalo limebandikwa nyuma ya kaunta za maduka yetu, kuanzia Mombasa hadi Kariakoo, kana kwamba ni aya iliyoteremshwa. Mali ikishauzwa hairudishwi: haya, tuseme ni kweli, lakini ni mali ipi iliyouzwa? Mnunuzi alionyeshwa picha ya kitu fulani, akasoma sifa zake, akaambiwa bei yake, akaridhia, akalipa. Hicho ndicho kilichouzwa, wala hakuna kingine. Kile kilichofika mlangoni mwake ndani ya boksi, ambacho hakikuonyeshwa wala hakikutajwa, wala pande mbili hazikuafikiana thamani yake, hakikuuzwa abadani. Basi mwenye kukirejesha harudishi mali iliyouzwa. Anarudisha mali ya watu iliyofika kwake pasipo ridhaa yake, ilhali fedha zake zimo mikononi mwa mtu asiye na haki nazo. Hoja yangu yote ndiyo hiyo, na nitairudia mpaka ieleweke, kwa sababu sioni nyingine inayohitajika.

Jirani yangu mmoja, mama mjane anayejipatia riziki kwa kushona nguo za wanawake, aliagiza ovaloki kwa muuzaji anayetangaza bidhaa zake Instagram. Picha ilionyesha mashine ya chuma, imekaa juu ya meza yake, na mota chini; na bei ilikuwa bei ya mashine kama hiyo, si ya kutupa. Akatuma fedha zote kwa simu, maana sharti lilikuwa kulipa kwanza, na mzigo ukaja kwa basi. Alipoufungua akakuta kijicherehani cha plastiki cha kushika mkononi, cha aina ile wanayoitembeza wachuuzi kwenye foleni za magari. Alipopiga simu, muuzaji alisema kwanza kwamba vijana wa stoo wamekosea. Kisha akasema kwamba hata hicho nacho ni cherehani, kinashona. Kisha akasema kwamba nauli ya kukirejesha itakuwa juu ya mama. Kisha akampa ahadi ya kumtumia elfu kumi za kumfuta machozi. Na mwisho hakupokea tena simu. Hayo ni ya muuzaji, na hiana ya wafanyabiashara haikuanza leo. Lililoniuma mimi ni kwamba watu wa nyumbani kwake, wakiwamo ndugu zake wa tumbo moja, walimgeukia yeye: nani alikutuma, kwa nini hukwenda mwenyewe dukani, pole lakini umeyataka. Hakutokea hata mmoja aliyeuliza jina la muuzaji. Aliyedhulumiwa akasomewa mashtaka, na dhalimu akaachwa mustarehe na fedha za mjane mfukoni.

Kwa kuwa khatibu ni mtu wa fiqhi, nami nitamjibu kwa fiqhi. Watu wa pwani hii, ambao wengi wao ni wafuasi wa Imam Shafii, wamesoma kizazi baada ya kizazi, katika Minhaj ya Imam Nawawi, habari za salam, yaani biashara ya kulipa thamani mbele na kupokea baadaye kitu kilichoelezwa kwa sifa zake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kwa matunda ya mwaka ujao na wa baada yake, wala hakuwakataza. Aliwaamrisha tu kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Juu ya msingi huo wanavyuoni walijenga hukumu zao, na miongoni mwazo imo moja ambayo natamani ingesomwa juu ya mimbari Ijumaa ile, kwamba kitu cha jinsi nyingine hakisihi kuwa badala ya kile kilichoagizwa kwa salam. Ukali wa hukumu hii ni kwamba hata mnunuzi mwenyewe akikubali, kwa unyonge au kwa kuchoka, madhehebu hayampi muuzaji njia ya kumbadilishia jinsi. Na kisa cha Mtume kutia mkono wake ndani ya lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta majimaji chini ya nafaka kavu, kila mtoto aliyepita chuoni anakijua. Na aliyekemewa katika kisa kile alikuwa muuzaji. Mtume hakuwageukia wanunuzi akawaambia kwamba wamejitakia kwa kutochimbua lundo mpaka chini. Basi huyu wa zama zetu anayewageukia wanunuzi, na kuwaacha wenye kuficha majimaji, amefuata mwendo wa nani?

Ama hilo la mbuzi kwenye gunia, yaani kwamba mwenye kununua asichokiona ni mpumbavu asiye na haki ya kudai, ni kuikana historia ya pwani yenyewe. Bahari hii imeishi kwa kuagiza vya mbali. Mwaka 1833 Sayyid Said alipofunga mkataba wa biashara na Marekani, majahazi ya Salem, Massachusetts, yalikuwa yameanza kuleta Unguja ile nguo ya pamba iliyopata jina la merikani, na watu wa bara, ambao hawakupata kuiona Marekani hata ramanini, waliijua kwa uzito wake na kwa mguso wake, wakaikataa ya kuigiza iliyoletwa na Waingereza, na hakuna aliyewaambia kwamba mali ikishafika haikataliwi. Burton, aliyesafiri huku kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba shanga zilizokuwa zikiuzwa zilikuwa na aina zipatazo 400, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa katika nchi fulani ulijikuta umebeba mzigo mtupu, kwa sababu wenyeji hawakupokea ila kile walichokitaka. Kanga za bibi zetu zilipigwa chapa Ulaya, Uhindi na Ujapani kwa michoro na maneno yaliyopelekwa kutoka huku, na matajiri wa Mombasa kama Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua biashara yake mwaka 1887, walipata utajiri wao kwa kuagiza wasichokuwa wamekiona. Ikiwa kuagiza kwa sifa ni upumbavu, basi pwani yote hii, tangu Lamu hadi Kilwa, imejengwa na wapumbavu. Wazee wetu waliagiza kwa barua zilizongoja pepo za kaskazi na kusi, na kitu kilipokuja sicho walijua kusema sicho. Sisi tunaagiza kwa dakika moja, na kitu kinapokuja sicho tunafundishwa kunyamaza.

Na sheria za dola nazo zinasema nini? Uingereza iliandika mwaka 1893, katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, kwamba kitu kinachouzwa kwa maelezo sharti kilingane na maelezo hayo. Na sharti hilo hilo limo mpaka leo katika sheria zilizorithiwa za Kenya na Tanzania. Fauka ya hayo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, imempa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahiki na kulipwa fidia kwa hasara, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ikafuata mwaka 2012. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye Tume yake, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyosema kwamba kibao cha mwenye duka, kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu, kinashinda makubaliano ya pande mbili. Na narudi pale pale nilipoanza: kibao hicho kinaihusu mali iliyouzwa, na hii haikuuzwa.

Wako watakaonijibu kwa methali, maana sisi tukishindwa na hoja hukimbilia methali, na wataniambia kwamba rahisi huvunja upishi. Jibu hili ni dhaifu kuliko yote niliyopata kuyasikia. Kwanza, mashine ya yule mama haikuwa rahisi. Pili, hata ingekuwa rahisi, urahisi wa bei hauhalalishi kubadilisha kitu. Mwenye kuuza kwa bei ndogo ameridhia bei ndogo, na alichokiuza ni kile kile. Urahisi unaweza kumpa mnunuzi ovaloki dhaifu, ya kuharibika mapema, na hapo ndipo methali ingekuwa na mahali. Haumpi mtu kitu cha kuchezea watoto kisha akaambiwa kwamba ndiyo ovaloki. Na wale wanaosema kwamba ni kadari wajiulize kama wao wenyewe, mishahara yao ikipelekwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, watakaa majumbani wakimshukuru Mungu kwa alichowaandikia, au wataamkia mlangoni kwa mhasibu kabla hajafungua ofisi.

Naona uchungu vilevile kwa desturi nyingine mbovu ambazo zimetangulia kuulea uovu huu, na sitazipita kimya. Kuna huku kuficha bei, ambapo mtu anatangaza kitu mbele ya maelfu ya watu, kisha anayeuliza thamani anaambiwa aje faraghani, ili kila mmoja apimwe kwa ujinga wake na atozwe kwa kadiri hiyo. Kuna kuiba picha za bidhaa za watu na kuzifanya zako, jambo ambalo vijana wanaliona la kawaida, ilhali ni ghushi na uwongo ulio wazi. Kuna swali la aibu linaloulizwa Kariakoo mchana kweupe, unataka na risiti au bila risiti, na bei mbili zikatajwa, mpaka mnunuzi anazoea kutoka dukani hana karatasi wala ushahidi. Na siku ya ugomvi hiyo risiti aliyoikimbia ndiyo inayotakiwa. Watu waliozoezwa kununua pasipo bei ya wazi na pasipo risiti, ni ajabu gani wakiambiwa kwamba hawana pa kudai wakaamini?

Kwa hiyo nawaambia wanunuzi: dai, na udai kwa utaratibu. Hifadhi picha ya tangazo na mazungumzo yote kabla ya kulipa, maana muuzaji mwenye hiana hulifuta tangazo lake saa ile ile unapolalamika. Fungua mzigo mbele ya mashahidi, au upige video tangu utepe haujakatwa. Ukikuta sicho, usikitumie hata mara moja, wala usipokee kifuta machozi, kwa sababu mwenye kupokea kidogo huambiwa baadaye kwamba waliafikiana. Andika siku ile ile, kwa maneno machache, kwamba hiki sicho nilichokinunua, njoo ukichukue kwa gharama yako, nirejeshee fedha zangu zote. Akikataa, Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambayo yapasa kuamuliwa ndani ya siku 60, na mdai anaweza kusimama mwenyewe pasipo wakili. Tanzania kuna Tume ya Ushindani, na kuna mahakama ya mwanzo ambayo lugha yake ni Kiswahili chetu hiki. Anayedai namna hii si mkorofi; anamlinda na yule atakayenunua baada yake.

Lakini mzigo huu usiachwe mabegani mwa mnunuzi peke yake, maana wako wanaochuma katika kila biashara ya namna hii, na hao hatuwasikii wakilaumiwa. Marekani iliweka sheria mwaka 1974 inayompa mwenye kadi ya mkopo siku 60 tangu kupelekewa hesabu yake kupinga malipo ya kitu ambacho hakikuletwa kama ilivyokubaliwa. Na Uingereza, mwaka huo huo, ikamfanya mtoa mkopo abebe dhima pamoja na muuzaji kwa kitu ambacho bei yake leo imewekwa kati ya pauni 100 na pauni 30,000. Huku kwetu fedha ya simu ilianza Kenya mwaka 2007, imeenea mpaka vijijini, na bado huduma ya kurejesha muamala imekusudiwa zaidi kwa yule aliyekosea namba. Aliyetapeliwa huambiwa kwamba namba aliyolipia ilikuwa sahihi, basi akazungumze na muuzaji. Hili halivumiliki. Fedha ya mtu aliyenunua kwa mbali na ikae amana kwa kampuni ya simu mpaka mzigo ufunguliwe na mnunuzi aseme ndicho. Na namba ya biashara isitolewe kwa mtu yeyote ila kwa jina lake la kweli na mahali anapopatikana. Kampuni hizi zinakata ada ya malipo haya usiku na mchana, na hakuna siku zilizokosea hesabu ya ada hiyo. Zinazojua kuichukua ada kwa usahihi huo zibebe na dhamana, na Bunge lizilazimishe, kwa sababu kwa hiari yao hazitaibeba.