Mwaka wa kupanga ni Kidato cha Tatu

Kila Septemba na Oktoba viwanja vya shule za sekondari nchini Tanzania hujaa maturubai. Ni msimu wa mahafali ya Kidato cha Nne. Wazazi huja na mataji ya maua na bahasha, keki hukatwa, risala husomwa mbele ya mgeni rasmi, na mhitimu hupigwa picha mpaka jua linazama. Hatuna neno na furaha hiyo. Mtoto aliyevumilia miaka minne anastahili kushangiliwa. Lakini mahafali hufanyika kabla ya Mtihani wa Taifa, unaofanyika Novemba, na katika nyumba nyingi mpango wote huishia hapo kwenye keki. Muulize mzazi mwanawe atafanya nini baada ya hapo, naye atakujibu: tunasubiri matokeo.

Kusubiri huko ni kurefu. Kidato cha Tano hufunguliwa Julai, kwa hiyo kijana hukaa nyumbani zaidi ya miezi saba. Na ipo milango isiyomngoja. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA kwa kawaida huanza mafunzo Januari, na fomu zake hutolewa miezi kadhaa kabla, wakati mwanafunzi bado yuko darasani. Anayengoja kwanza aone amepata divisheni gani ndipo aamue kwenda kusomea umeme, huukuta mlango umeshafungwa, na hupoteza mwaka mzima.

Ndiyo maana tunasema mipango ianze Kidato cha Tatu, tena mapema. Huo ndio mwaka ambao, katika shule nyingi, mwanafunzi huamua aendelee na masomo yapi na aachane na yapi, na uamuzi huo hufanywa kwa haraka ya kutisha. Binti anaacha Fizikia kwa sababu mwenzake wa dawati moja ameiacha, au kwa sababu mwalimu wa somo hilo hakuwapo muhula mzima. Nyumbani hakuna aliyeulizwa. Miaka miwili baadaye anakwenda kuomba stashahada ya uuguzi, kazi aliyoitamani tangu darasa la tano, anaambiwa wanataka ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia. Mbili anazo. Ya tatu hakuifanyia hata mtihani. Hapo hata awe na alama nzuri kiasi gani kwingineko, hazimsaidii. Kama angekuwapo mtu mzima mmoja wa kumwonyesha sifa za kujiunga na chuo hicho siku alipokuwa akichagua, angeng'ang'ania Fizikia hata kwa D.

Uchaguzi wenyewe umekuwa mgumu kuliko zamani. Wazazi wengi tulikua na tahasusi chache, yaani michepuo ya masomo ya Kidato cha Tano na cha Sita, tulizozijua kwa kichwa: PCM, PCB, HGL, HKL, EGM. Mwaka 2024 Serikali iliziongeza zikafika 65, zikiwamo za lugha, sanaa na michezo. Ni hatua njema, kwa kuwa vipaji vya watoto havikuwa vya aina tano. Lakini mwanafunzi anapokuja kujaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, akiwa peke yake na orodha ndefu namna hiyo, atachagua alizowahi kuzisikia tu.

Halafu kuna jina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Saidi, shule imeandika Said, na jina la babu limerukwa mahali fulani tangu shule ya msingi. Hakuna anayejali mpaka siku kijana anapoomba mkopo wa elimu ya juu, ambapo Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi. Ndipo familia inapoanza kukimbilia kwa wakili kutafuta kiapo cha majina, huku siku za maombi zikihesabika. Kosa hilo hurekebishwa kwa utulivu mtoto akiwa Kidato cha Tatu, kabla shule haijamsajili kwa mtihani wa mwisho, maana jina litakaloingia kwenye usajili ndilo litakalokaa kwenye cheti chake cha Baraza la Mitihani maisha yake yote.

Tunawaomba wakuu wa shule waitishe kikao cha wazazi wa Kidato cha Tatu peke yao, kisiwe cha michango wala cha nidhamu, na mwalimu wa malezi na unasihi apewe muda wa kukaa na kila mwanafunzi walau mara moja. Wanafunzi waliomaliza shuleni hapo, wakiwamo wale wa VETA na wa vyuo vya kati, waalikwe waje waseme walikopita. Kijana wa miaka kumi na sita humsikiliza kaka aliyemtangulia kuliko sisi waandishi wa tahariri. Na tuache kuitaja njia ya ufundi kama adhabu ya waliofeli. Wapo watoto ambao hilo ndilo chaguo lao la kwanza, nao wanaona haya kulisema mezani kwa baba.

Mzazi mwenye mtoto wa Kidato cha Tatu, usingoje barua ya shule. Jioni hii kitoe cheti chake cha kuzaliwa, kiweke kando ya ripoti yake ya muhula, msome majina pamoja herufi kwa herufi. Kisha muulize anataka kufanya kazi gani, na umwache amalize kujibu.