Taa Ndogo ya Manjano



Likizo iliyopita tulikuwa njiani kwenda Garissa kumzuru shangazi, watoto watatu wamelala kiti cha nyuma. Tulipoipita Hola, taa ndogo ya manjano iliwaka mbele ya dereva: duara lililo wazi juu, na alama ya mshangao katikati. "Hiyo ni taa tu," alisema mwenzetu aliyeshika usukani. Tulimsihi asimame. Tairi la nyuma lilikuwa limechomwa na msumari, na ubavu wake ulikuwa moto hata haushikiki. Tangu siku hiyo tumeitafuta maana ya taa ile, nasi twapenda kuwafikishia kina mama wenzetu.

Taa hupata habari zake kwa njia mbili. Katika baadhi ya magari, kila gurudumu lina kihisi kidogo ndani yake, karibu na valvu, ambacho hupima upepo na kuarifu kwa mawimbi ya redio. Betri yake hudumu yapata miaka 5 hadi 10. Ikiisha, kwa kawaida kihisi kizima hubadilishwa. Magari mengine huhesabu mizunguko ya magurudumu tu, kwani tairi lililopungua upepo huzunguka haraka kuliko wenzake. Haya, baada ya kujazwa upepo, huhitaji kuwekwa sawa upya kama kitabu cha gari kielezavyo.

Taa ikiwaka na kutulia, upepo umepungua. Ikipepesa kwa dakika moja hivi kisha ikabaki ikiwaka, mtambo wenyewe ndio wenye hitilafu.

Lililo kubwa ni hili: taa husema kwa kuchelewa. Kanuni ya Marekani, kwa mfano, huitaka iwake upepo unapopungua kwa robo. Basi tairi la PSI 32 laweza kushuka hadi 24 ndipo mwonywe. Tairi legevu hujikunja kila lizungukapo na kupata moto, na lami ya Kaskazini Mashariki wakati wa adhuhuri huuzidisha, mpaka tairi lipasuke. Tena joto huficha upungufu: tairi lililotoka safarini husoma juu kuliko lilivyosoma alfajiri.

Kwa hiyo pimeni baada ya sala ya alfajiri, gari halijaondoka, mkifuata namba iliyobandikwa penye mlango wa dereva. Msilisahau tairi la akiba. Msipunguze upepo wa tairi lenye moto. Na fundi aambiwe mapema kuwa ndani mna kihisi, asije akakivunja kwa taimbo.

Tawakali huja baada ya kumfunga ngamia. Siku ile tulichelewa chakula cha mchana kwa shangazi, lakini tulifika sote.