Pangaboi ni yetu, na hesabu zake ni zetu

Vijana wenzangu, Aprili 9, 2012 Dash 8 ya ATCL ilianguka ikiruka kutoka hapa Kigoma. Hakuna aliyekufa, Mungu mkubwa, ila ndege ndo ikaishia pale. Mwaka 2016 zikaja Q400 mbili mpya, shangwe nchi nzima. Mwaka 2017 ya tatu ikazuiliwa Kanada, kisa deni la serikali kwa Stirling, mkandarasi wa barabara. Yaani mkataba wa barabara unakamata ndege! Tulijua kwa sababu Tundu Lissu alilisema hadharani.

Anayepanda boda kutoka Ujiji kwenda uwanjani ndiye mwenye ndege. Ana haki ya kuona mkataba, deni na rekodi za matengenezo. Kuuliza siyo uhaini.