Masikio ya Mashine na Usemi wa Uchagani

Wako wasomi wasemao kwamba kazi ya kunukuu masimulizi ya wazee imekwisha. Kanda zitiwe katika kompyuta, wasema, na usiku mmoja utatoa kurasa ambazo karani angezitoa kwa mwezi. Neno hili lina utamu, na ndiyo sababu halina budi kupingwa kabla halijawa kanuni.

Mashine haisikii. Huikata sauti vipande vidogo mno, ikavipima, kisha ikakisia neno lipi, miongoni mwa yale iliyolishwa, laelekea kufuata. Programu iitwayo Whisper, iliyotolewa mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na thuluthi mbili hivi zilikuwa za Kiingereza. Common Voice ya Mozilla imekusanya sauti za Kiswahili kwa watu waliojitolea, kazi ya kusifiwa. Lakini aghalabu watu hao husoma sentensi zilizoandikwa. Mzee wa Marangu hasomi. Husimulia, hukatiza, huchanganya Kiswahili na Kivunjo katika pumzi moja.

Na asimulie nini kama si kihamba na mfongo? Asemapo kwamba mfongo ulichimbwa na ukoo wake, mashine isiyopata kulijua neno hilo yaweza kuandika “mfuko”, na mfereji ulioteremsha maji ya Kilimanjaro hadi migombani ukageuka kitu cha kutilia sukari. Ushahidi wa haki ya maji umepotea, na sentensi haina ila. Msomaji wa Dar es Salaam hatashtuka. Karani asiposikia vema huacha nafasi wazi, kesho akapanda mlima kumwuliza mwenyewe. Mashine haina haya ya kutojua: Whisper imethibitika kuzua maneno hata pale msemaji aliponyamaza.

Kitabu cha Petro Itosi Marealle, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichochapwa mwaka 1947, kompyuta yaweza kukinakili kwa makosa machache, maana chapa ni chapa. Usemi sivyo.

Basi rasimu ya mashine na isomwe na mwenyeji wa mahali, kanda ikicheza masikioni mwake, na jina lake liandikwe chini ya ukurasa, na alipwe. Idara ikiona gharama hiyo ni kubwa, kanda zikae kabatini zilivyo.