Katuni ya simba na maswali ya watoto

Katuni ya The Lion Guard ya Disney ina majina ya Kiswahili: Simba, Jasiri, Beshte. Watoto wanaipenda. Mtoto akiuliza kwa nini simba anaua, tusimnyamazishe. Tumwambie: simba anawinda apate kula, si kwa ubaya. Na fisi akila mizoga anasafisha pori.

Lakini kuna jambo katuni haisemi. Mle ndani Beshte, kiboko, ni rafiki wa wote. Kiboko wa kweli wa Ziwa Edouard, katika Parki ya Virunga, anaua watu. Parki hiyo inafika hadi Nyiragongo, karibu na Kanyaruchinya yetu. Mtoto anayefuata kuni asiingie humo akidhani atakutana na rafiki.