Rafiki chuoni hatafutwi kwa fomu, anapatikana kwa ratiba

Leo nataka tuongee kuhusu ombi ambalo huniijia kila vyuo vinapofunguliwa: "Tutengenezee programu ya kuwasaidia wanafunzi kupata marafiki."

Wazo lenyewe si baya. Kijana anatoka Wajir au Homa Bay, KUCCPS inampeleka chuo asichojua mtu, anapewa kitanda hosteli, na Jumamosi ya kwanza anashinda chumbani akikodolea simu macho. Upweke ule ninaujua. Shida ni jinsi tunavyoijenga programu yenyewe, na nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliijenga vibaya.

Ulikuwa mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi alijaza fomu: kozi, kaunti, shule ya upili, timu anayoshabikia, muziki anaoupenda. Programu ililinganisha majibu na kumpa orodha ya watu kumi wanaomfaa. Hesabu zilikuwa sahihi kabisa. Halafu jamaa mmoja kutoka Nyeri akanionyesha orodha yake. Karibu wote walikuwa wa Nyeri, wawili wakiwa wa shule yake. Akaniuliza, "Buda, hawa si nawajua tayari?"

Hapo ndipo nilipoona kosa. Hapa Kenya, ukiiambia tarakilishi ikutafutie watu wanaofanana nawe, itakurudisha kijijini kwenu. Hata ukiifuta kaunti, shule ya upili na muziki wa nyumbani vitasema yale yale. Hilo si jambo la mzaha katika nchi iliyopitia yale ya 2007 na 2008. Chuo ni kati ya mahali pachache ambapo kijana wa Nyeri na wa Wajir hukalia benchi moja. Itakuwa aibu programu yangu iwe ndiyo inayowatenganisha. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu asili ya kikabila kuwa taarifa nyeti. Si kitu cha kuchezea.

Kosa la pili liliwaangukia wasichana. Niliruhusu mtu yeyote amwandikie yeyote. Waliokuja kutafuta wenzao wa kusoma nao wakajikuta wanatongozwa mchana na usiku. Wengi waliacha kuifungua kabla wiki haijaisha, na sikuwalaumu.

Najua mtaniambia Facebook ilianza hivyo hivyo chuoni, na wasifu na picha. Kweli, ilianza Harvard Februari 2004, na kujiandikisha ulihitaji barua pepe ya chuo. Lakini wale wanafunzi tayari walikuwa wakilala, wakila na kusoma mahali pamoja. Tovuti iliwakuta wakiwa na maisha ya pamoja, haikuwaundia.

Urafiki unaundwa na kukutana mara kwa mara. Mwaka 1950 Festinger, Schachter na Back waliandika kuhusu nyumba za wanafunzi waliooa huko MIT, wakaonyesha kwamba watu walifanya urafiki zaidi na jirani wa mlango wa pili kuliko aliyekaa milango michache mbele. Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria kwamba huchukua saa 50 hivi za kuwa pamoja kumfanya mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, saa 90 hivi awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe wa karibu sana.

Sasa piga hesabu. Muhula wa wiki 14, mkikutana saa mbili kila wiki, mnapata saa 28. Hazitoshi. Mkikutana mara mbili kwa wiki, mnapata 56. Tayari mmeshaanza.

Kwa hiyo ningeijenga upya hivi. Programu iulize maswali mawili tu: una nafasi saa ngapi, na ungependa kufanya nini, kusoma, kucheza mpira au kutembea? Kisha iwachague watu sita kwa bahati nasibu, wa kozi tofauti, iwape mahali pa wazi kama uwanjani au kantini, saa zile zile mara mbili kwa wiki, muhula mzima. Kwa nini sita? Wawili wasipofika, bado mko wanne. Pasiwe na picha wala ujumbe wa faragha. Msichana asiwekwe peke yake kati ya wavulana watano. Anayetaka kuhama kikundi ahame bila kuulizwa sababu. Vikumbusho vije kwa arafa za kawaida, ili asiye na bando asiachwe nje. Muhula ukiisha, data yote ifutwe.

Mwenye pesa ataniuliza, "Sasa watu watakaa kwenye programu dakika ngapi?" Chache iwezekanavyo. Ikifanya kazi vizuri, muhula wa pili wale sita hawataihitaji tena. Najua hiyo ni biashara mbaya. Ndiyo maana naona gharama yake inafaa kubebwa na chuo, kama kinavyobeba ya maktaba.

Na chuo kikikataa? Basi kiongozi mmoja wa wanafunzi, jedwali la Excel na simu yenye salio vinatosha kuanza. Ni kweli, hapo mimi mwandishi wa programu nakosa kazi. Lakini yule kijana wa Wajir atakuwa uwanjani Jumamosi, na kuna watu watano watakaouliza yuko wapi asipofika.